Kipande cha Kabla ya Bwanga

Kama umekaa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha vipimo, umeshika kikopo chako cha makohozi na kukificha ndani ya kitenge ili jirani asikione, nakuandikia wewe. Jirani naye ana chake na amekificha. Mimi nilikaa hapo asubuhi nzima nikijifanya nimemsindikiza mgonjwa. Nesi alipoita jina langu niligeuka nyuma kumtafuta huyo anayeitwa.

Naitwa Mama Minza, wa Nyasubi, hapa Kahama. Mdomo ninao, miguu ninayo. Mapafu ndiyo yamepungua, na nitaeleza yalivyopungua. Nitaeleza pia nilivyochukuliwa mtoto wangu na nilivyomfuata hadi Chato kwa miguu, kipande kwa kipande, mwaka mzima. Mambo ya vijidudu waulize wenye makoti meupe, wao wamesomea.

Nilikuwa nafanya kazi karashani, kwenye mashine inayosaga mawe ya dhahabu mpaka yanakuwa unga. Kazi yangu ilikuwa kuchota ule unga na kuujaza kwenye viroba. Nilijifunga kanga puani, lakini vumbi lile halijui kanga. Jioni ukipiga chafya, kinachotoka ni tope.

Sasa sisi watu wa karashani na mashimoni tuna imani yetu, na usinicheke, maana hata wewe labda unayo. Tunaamini vumbi linaoshwa na maziwa. Ukitoka kazini unakunywa nusu lita, maziwa yanashuka na vumbi, kesho unaanza upya. Mama muuza maziwa alikuwa anatusubiri palepale mlangoni. Aliyenifundisha ni marehemu mume wangu, Masanja, mchimbaji. Masanja alikohoa karibu mwaka, akinywa maziwa kila jioni, na akafa. Tulisema vumbi limemzidi. Hata mama yake mzazi, aliyekuja kutoka Chato kumzika, alisema hivyohivyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema angepimwa kifua.

Kwa hiyo kikohozi changu kilipoanza, nilijua dawa yake. Nilipandisha kutoka nusu lita hadi lita nzima. Mwili ukazidi kupungua, shuka linaamka limelowa jasho, nami naongeza maziwa. Nilikunywa kwa kikombe cha bati cha bluu, na yanayobaki chini nilimpa Minza wangu, aliyekuwa na miaka mitano. Alikuwa anayasubiri amekaa kizingitini. Mpaka leo namuona alivyokuwa anakilamba kile kikombe.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, mama mkwe alikuja kututembelea na mfuko wake wa dagaa. Nilimpigia magoti, nikamwambia shikamoo mama, na hapohapo kikohozi kikanikamata. Nilikohoa mpaka nikashika ukuta. Kilipotulia, nikachukua kikombe changu cha maziwa. Mama mkwe hakuitikia marahaba. Alinipokonya kile kikombe, akayamwaga maziwa yote uani.

"Mama, hiyo ni dawa yangu!"

"Dawa gani? Gauni linakuning'inia hivyohivyo lilivyokuwa linamning'inia Masanja shati lake. Vaa viatu, tunakwenda hospitali."

Nikamwambia ni vumbi tu. Akasema, "Na Masanja lilikuwa vumbi tu." Basi nikavaa viatu.

Majibu yalipotoka, aliyenipa ni nesi mmoja mzee, mpole, nesi Yohana. Alisema kifua kikuu, kinatibika, dawa ni miezi sita bila kukosa hata siku moja. Mimi sikusikia miezi wala dawa. Nilimuuliza, "Mtoto wangu je? Amekunywa kwenye kikombe changu."

"Si kikombe, mama. Ni hewa. Mnalala chumba kimoja?"

Tulilala chumba kimoja, chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe nililiziba kwa kiroba ili vumbi la barabarani lisiingie. Nilikuwa namkinga na vumbi! Nililia pale mbele ya nesi mpaka kamasi zikanitoka, na sikuona aibu.

Minza alipimwa, akakutwa mzima, lakini akaandikiwa vidonge vya kumkinga. Tuliporudi nyumbani mama mkwe alitoa rangi ya kucha kwenye mkoba, nyekundu, akaipaka chini ya kile kikombe cha bluu, chini ya sahani moja na kwenye mpini wa kijiko. Nikamwambia nesi amesema si vyombo. Akasema nesi hajazika mtoto. Nikaacha kubishana, maana rangi ilikuwa inamwagika hadi kwenye vidole vyake.

Siku chache baadaye alimfunga Minza nguo zake kwenye mfuko. Sikubishana sana, kwenda chooni tu nilikuwa naongozwa. Tulikwenda stendi na jirani yangu, Mama Rehema, akiwa amenishika kiuno. Nikamuuliza mama mkwe, "Nitamfuata lini?"

Alikuwa ameshapanda. Akaniangalia kupitia dirishani, na nikaona ana hasira, lakini si na mimi peke yangu.

"Siku ukiweza kutembea kwa miguu kutoka hapa mpaka Chato, njoo umchukue. Kabla ya hapo mwanangu simtoi. Shule zikifunguliwa mwaka kesho kutwa na hujaja, namwandikisha darasa la kwanza kulekule, na habari imekwisha."

Minza alinipungia mkono. Bibi yake akaushusha ule mkono taratibu, akafunga kioo. Gari likaondoka. Mama Rehema akasema, "Maneno ya hasira hayo, shoga. Nani atembee mpaka Chato?" Nikamwambia, mimi.

Dawa usiziogope, ila zisikudanganye. Siku ya kwanza mkojo ulitoka na rangi kama soda ya machungwa, nikapiga kelele majirani wakajaa. Hakuna aliyeniambia kwamba ni dawa tu. Wewe sasa nimekuambia. Wiki za mwanzo nilitapika, viungo vikauma, halafu ikaja njaa ambayo sijawahi kuiona. Mama Rehema ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Kila asubuhi, akishaswali na kumaliza kufagia, anakuja, anakaa kwenye mkeka mmoja na mimi dirisha likiwa wazi, anasema, "Fungua mdomo nione kama umemeza, nakujua mjanja." Ndugu zangu wengine walinisalimia wakiwa barabarani. Mama Rehema alikaa mkekani, na hilo sitalisahau.

Nesi Yohana ndiye aliyeniambia nitembee. "Leo fika kwa muuza mkaa. Ukiweza, kesho fika sokoni." Kwa muuza mkaa ni nyumba ya tatu. Nilipumzika mara mbili njiani. Kufika soko la Nyasubi ilinichukua miezi miwili ya kujaribu, na nilipofika nilinunua nyanya moja ili safari iwe na maana.

Watu walipoanza kuvuna mpunga, nilimaliza dawa. Kipimo kikaja safi. Nikamuuliza nesi mbona bado nahema. Akanionyesha picha ya kifua changu, upande mmoja kumejaa mawingu. "Ugonjwa umekwisha. Haya ni makovu, na mengine ni ya lile vumbi. Haya hayatoki. Karashani usirudi." Nilimuuliza kama mtu mwenye kifua hicho anaweza kutembea mpaka Chato. Alicheka, kisha akaona sicheki.

"Kwa siku moja huwezi," akasema. "Wala kwa mwezi huwezi."

Hakusema kwa mwaka. Nikaenda zangu.

Nilifanya hivi. Nilianza kuuza nyanya na vitunguu sokoni siku za wiki. Siku ninayoweza, natembea na barabara kuu kuelekea Masumbwe mpaka pumzi inapokataa. Pale inapokataa nafunga kipande cha kanga kuukuu kwenye nguzo au kichaka, napanda gari kurudi Kahama. Safari inayofuata napanda gari mpaka kwenye kanga yangu, nashuka, naendelea. Makonda walinizoea. Mmoja akawa ananiita Mama Shusha-Hapa. "Mama, hapa hakuna hata nyumba!" "Shusha hapahapa." Abiria wanachungulia dirishani kuona mwanamke mzima anashuka porini na kikombe cha bluu, maana nilikibeba kile kikombe cha kunywea maji, na rangi yake nyekundu chini.

Usidhani ilikuwa matembezi. Malori yanayokwenda mpakani yanapita yanakusukuma kwa upepo, na kila likipita na vumbi kifua kinajifunga. Nilikuwa nageuka, nafunika pua, nahesabu hadi ishirini nikijiuliza kama pumzi itarudi. Kuna siku nilikuta kanga yangu imechukuliwa. Sikujua nimeishia wapi, nikarudi nyuma mpaka kwenye kalavati nililolikumbuka, nikaanza hapo. Nilitukana peke yangu njia nzima. Nani anaiba tambara?

Jumapili Minza alikuwa ananipigia kwa simu ya bibi yake. Swali lake lilikuwa moja tu. "Mama, umefika wapi?" Nilipofika Masumbwe nilimwambia Masumbwe. Pamba ikiwa inavunwa nikamwambia Ushirombo. Nilisikia bibi yake nyuma akiuliza, "Kasema wapi?" Hakuwahi kuchukua simu azungumze na mimi. Lakini alikuwa anauliza.

Runzewe nilifika kiangazi kikali, jua linauma. Hapo barabara yangu iliacha njia ya malori, ikakunja kuelekea Bwanga. Nilifurahi mno, nikaanza kujiona mzima. Nikawa naongeza urefu wa vipande, kwa sababu nilikuwa nahesabu miezi hadi Januari na niliona haitoshi.

Kabla ya Bwanga kuna mwinuko mrefu. Ukiwa kwenye gari hata huuoni. Nilifunga kanga yangu kwenye nguzo chini ya mwinuko, wiki mbili baadaye nikashuka hapohapo asubuhi, nikaanza kupanda. Sikufika mbali. Kikohozi kilikuja ghafla, kile cha zamani, cha kutoka tumboni. Nilipoondoa kanga mdomoni ilikuwa na damu.

Nilikaa chini kwenye changarawe. Sikuwaza Mungu wala dawa. Niliwaza kwamba kimerudi, na kwamba Minza ataandikishwa shule Chato, atakua, ataolewa, nami nitakuwa mtu wa kwenye simu. Niliiona sura ya Masanja siku zake za mwisho, alivyokuwa anaificha kanga yangu chini ya godoro ili nisione damu. Bodaboda akasimama. "Mama, vipi, nikupeleke?" Nikapanda. Nilipanda ule mwinuko wote kwa pikipiki, nikashushwa kwenye zahanati ya Bwanga.

Nikawekwa tena kwenye benchi, nikapewa tena kikopo. Kipimo kilipelekwa mjini, nikaambiwa nisubiri siku tatu. Nilisubiri kwenye chumba cha kulala wageni, dirisha wazi muda wote, nikila wali bila kujua ladha. Jumapili ikafika kabla ya majibu. Minza akapiga.

"Mama, umefika wapi?"

"Nimefika Bwanga."

Akashangilia. Nikasikia bibi yake nyuma, "Bwanga? Mungu wangu." Sikusema nimefikaje.

Majibu yalikuja safi. Hakuna ugonjwa. Daktari kijana alisema makovu ya kifua huweza kuvuja damu kidogo ukijilazimisha, nipunguze haraka, na nikiiona tena nirudi kupima siku hiyohiyo. Niliikunja karatasi nikaifunga kwenye pindo la kitenge. Ningeweza kurudi nyuma kumalizia ule mwinuko. Sikurudi. Nilianzia Bwanga kwenda mbele, nikijiambia nani ataniuliza.

Mvua zilikuwa zimeshaanza tena nilipotembea kipande cha mwisho kuingia Chato. Ilikuwa mchana, wingu limekaa juu ya ziwa, na mama mkwe alikuwa uani anazoa dagaa haraka kabla hawajalowa. Minza alikuwa anamshikia beseni. Amekuwa mrefu! Nilimwita. Aliangusha beseni, akakimbia hatua kama nne, halafu akasimama. Akamtazama bibi yake.

"Shikamoo mama," akasema kutoka palepale.

Alikuwa amefundishwa umbali huo. Nilimwitikia marahaba. Nikamsalimia mama mkwe, akaitikia, akaitazama miguu yangu yenye matope mpaka kwenye magoti. Nikaona uso wake unalegea. Minza akaanza kuhesabu kwa vidole, "Kahama, Masumbwe, Ushirombo, Runzewe, Bwanga, Chato. Zote kwa miguu, mama?"

Neno moja tu lilihitajika. Mama mkwe hakuwa hata anauliza, yeye alikuwa ameshaniamini, nilimuona. Ningesema ndiyo, kesho yake ningepanda gari na mwanangu. Lakini yule mtoto alinitazama, na mimi nikaikumbuka kanga aliyoificha baba yake chini ya godoro.

"Siyo zote," nikasema. "Kabla ya Bwanga nilipanda pikipiki. Nilikohoa damu, nikaogopa. Sikuwaambia."

Mama mkwe alisimama na mikono yake imejaa dagaa.

"Damu."

"Ndiyo, mama."

"Na ukanyamaza. Masanja naye alinyamaza."

"Nilikwenda kupima, mama. Masanja hakwenda." Nikafungua pindo, nikampa karatasi. Hajui kusoma, naye hakumwita mtu amsomee. Aliishika kwa ncha za vidole isichafuke, akaitazama muda mrefu, akaiingiza kifuani mwake. Kisha akaokota beseni. Usiku ule nililala chumba cha nje, peke yangu. Chakula nililetewa kwa sahani ya peke yake. Nikasema basi, nimempoteza mtoto kwa mdomo wangu mwenyewe.

Asubuhi mama mkwe alikuja mlangoni amejitanda kanga, kikapu mkononi, Minza amevaa viatu vya shule vipya.

"Hicho kipande kiko wapi?"

"Kabla ya Bwanga, mama. Kwenye mwinuko."

"Twende. Nilisema kwa miguu."

Tulipanda gari watu watatu. Nilimwambia konda shusha hapa, akashangaa, kama wenzake wote. Kanga yangu ilikuwa bado kwenye nguzo, imepauka kwa jua na mvua. Minza akaigusa, akauliza kama ni yangu. Nikamwambia ni yangu.

Tukaanza kupanda. Nilikwenda taratibu, kama daktari alivyosema, hatua halafu pumzi, hatua halafu pumzi, nikisubiri ile ladha ya damu mdomoni. Nilijua mama mkwe ananitazama mgongoni. Kila nilipokohoa kidogo, hatua zake zilisimama, na zangu zikasimama. Minza alikuwa mbele anaruka madimbwi. Katikati ya mwinuko nikagundua sizisikii tena hatua za nyuma. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa ameinama, ameshika magoti, anahema kwa mdomo wazi.

"Mama, kuna nini?"

"Uzee," akasema. "Wewe huu ulikuwa unapanda na kifua hicho?"

Nikarudi chini kumfuata, nikamshika mkono. Tulipanda pamoja, yeye akiniegemea, mimi nikimsubiri. Damu haikuja. Juu kabisa kuna mti mdogo na mawe, tukakaa. Minza naye akaja kukaa, lakini upande wa bibi yake.

Mama mkwe alifungua kikapu, akatoa chupa. Nilipoona ni maziwa nikajivuta nyuma. Tangu siku ile alipoyamwaga uani kwangu, sikuwa nimeyagusa. Akaniona.

"Haya si dawa," akasema. "Haya ni ya kiu."

Akamimina kwenye kikombe cheupe, akanywa kwanza yeye, akapangusa mdomo, akaninyooshea. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wangu.

"Unatafuta nini?"

"Kikombe changu cha bluu."

"Nimekuja na hiki kimoja. Kunywa."

Nilikunywa. Mengine yakanimwagikia kidevuni. Nilipokishusha kilikuwa kimebaki nusu, na Minza alikuwa ameshainuka, amesimama mbele yangu, anakiangalia kile kikombe alivyokuwa anakiangalia zamani kizingitini. Nesi alishaniambia si kikombe. Nilikuwa nalijua hilo mwaka mzima, na bado vidole vyangu havikufunguka. Nikamtazama mama mkwe.

"Mpe mwanao," akasema. "Ana kiu."